Kadi ya Siku ya Soko

Siku hizi mtu huzikwa upande ule wa mpaka ambako mama yake alikuwa siku alipomzaa. Ndiyo maana marehemu mama yangu yuko mochari wiki ya pili sasa.

"Rekodi zinaonyesha nyanya yako alivuka mpaka siku aliyomzaa mama yako," karani alirudia. "Mama yako atazikwa ng'ambo."

"Nyanya alikuwa kitandani akijifungua! Kadi yake ya mpakani alimwazima jirani akauze vitunguu. Siku ya soko watu huazimana."

"Mashine haijui kuazimana, mama."

Nikatia sahihi fomu ya kumzika ng'ambo, kwa kuchoka tu. Nyumbani nilimwambia binti yangu Nekesa, mjamzito wa miezi tisa, anipe kadi yake niifungie kabatini.

"Nimemwazima Mama Ajambo," alisema, akijishika kiuno. "Si leo ni soko? Mama, uchungu umeanza."