Mjane wa Kwenye Tamthilia

Saluni nzima ilimgeukia mjane wa kwenye tamthilia ya televisheni pale alipokubali kuolewa tena.

“Hana haya!” alifoka mteja aliyekuwa chini ya drai. “Mume mwema vile, machozi hayajakauka, tayari kashapata mwingine!”

“Si angetulia tu alee wanawe?” akadakia mwenzake.

Msusi alikuwa akimwosha nywele wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alilaza kichwa kwenye sinki, macho kayafumba kwa raha.

“Wewe ndiye mfano, wifi,” alisema. “Mwaka wa nne huu, hujamwinulia mwanamume jicho. Kaka yangu alijua kuchagua.”

Msusi akaongeza shampuu. Karibu na mlango, juu ya ngazi, fundi umeme alikuwa akikaza feni ya dari. Feni ile haikuwa na ubovu wowote. Fundi alilijua hilo, na msusi pia, lakini kila wiki alimpigia simu aje kuitazama.

Povu lilimtiririka msusi hadi viwikoni. Kutwa nzima alishika vichwa vya watu. Yeye, tangu msibani, hakuna aliyewahi kumshika hata bega.

“Mimi ningemkubali,” alisema.

Mtu akapunguza sauti ya televisheni. Wifi akafumbua macho.

“Ungemkubali nani?”

Msusi alijifuta mikono kwa aproni, taratibu, kidole kwa kidole, kisha akainua uso kuelekea kwenye ngazi.

“Huyu.”