Alhamisi ya Kubadilishana

Kicheko kilipopenya ukutani kwa mara ya tatu, chaki ilimkatikia mwalimu mkononi. Hakuhitaji kuuliza ni watoto wa nani. Ni wanawe, darasa la sita A, aliohangaika nao tangu mwaka uanze, na sasa walikuwa wakivunjwa mbavu na mtu mwingine.

Jumatatu ni imla, Jumanne majaribio ya sayansi, Jumatano maktaba, Ijumaa chemsha bongo. Lakini Alhamisi, baada ya mapumziko, walimu wawili wa darasa la sita hubadilishana vyumba. Yeye huenda kuwafundisha hesabu watoto wa B. Mwalimu wao, ambaye shule nzima inamwita Bashasha, huja kuwasomea hadithi watoto wa A. Mpango huo aliubuni Mwalimu Mkuu, na wote wawili walikuwa wameupokea bila kusema neno.

Akaokota kipande cha chaki, akawageukia watoto wa B. Kimya. Wote wamemkodolea macho, hakuna hata anayekohoa.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, tupe swali jingine. Gumu zaidi."

Hawa wananipima, akawaza. Akawapa jingine. Kengele ilipolia, hakuna aliyeinuka. Wanamsubiri Bashasha wao, akajisemea, akakusanya vitu vyake.

Wakapishana mlangoni. Bashasha hakumsalimia. Alichungulia darasani kwake juu ya bega la mwenzake, akapita amekaza midomo. Ameshiba sifa, mwalimu akawaza, mpaka salamu imekuwa mzigo.

Kwake alikuta chumba kimechangamka kama sokoni.

"Mwalimu, ameigiza fisi!"

"Fisi mwenye mafua!"

"Vizuri," alisema. "Fungueni vitabu vya jiografia."

Nyuso zikanywea. Si kwamba hakujaribu kuwachekesha. Wiki iliyopita alikariri kichekesho njia nzima kutoka nyumbani, akawaigizia mbele ya darasa kwa mikono na miguu, na mtoto mmoja akamuuliza kwa upole kama anaumwa.

Akageuka kuchora ramani ubaoni. Nyuma yake sauti ndogo ikanong'ona, "Kwa nini Alhamisi isiwe kila siku?"

Hakugeuka. Aliendelea kuchora mto hadi ukavuka mpaka wa nchi na kuingia kwenye ratiba ya usafi iliyoandikwa pembeni mwa ubao.

Watoto walipokwenda nyumbani, alishika njia ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, mwanamke mnene, mpole, asiyependa kelele za walimu wala za watoto. Njiani alipanga maneno mazito kuhusu mtaala na muda unaopotea.

"Kubadilishana kuishe," alisema, hata kabla hajakaa. "Kila mtu abaki na watoto wake."

"Sababu?"

Yale maneno mazito yakamkimbia. Akakaa kitini, akayatazama mapaja yake.

"Namwonea wivu, dada. Nakiri. Ananichukulia wanangu. Wakitoka kwake, mimi nakuwa kama mgeni aliyekuja kudai kitu. Nitawarudishaje, mimi nisiyejua hata kuchekesha?"

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaipangusa polepole kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha usoni.

"Kiti hicho ulichokalia bado kina joto la Bashasha," alisema. "Alikuja na ombi hilohilo, na alikuwa analia. Watoto wake wanamuuliza kwa nini hawakupangiwa wewe."