Vidonge vya Abdala

"Shusha hilo gunia, Abdala. Shusha kabla sijaja kulishusha mwenyewe."

Abdala alikuwa ameshaliinua mpaka begani. Alilirudisha chini taratibu, wala hakumtazama mama yake. Wanaume waliokuwa wakiingiza korosho ghalani pale Mbekenyera walicheka.

"Mwali huyo," mmoja akasema. "Mtoleeni kigoda."

Bi Sikuzani hakujali. Bora mtoto achekwe kuliko azikwe. Marehemu mumewe, Jumanne, alikuwa na nguvu kuliko hao wote, naye aliangukia mikoroshoni akipalilia, jembe likiwa mkononi. Hakuwahi kuumwa. Alishika kifua, akakaa chini, basi.

"Mustafa," aliita. "Njoo umpokee mwenzio."

Mustafa alikuja akipangusa jasho. Alikuwa mrefu, mwembamba, mishipa imemtoka shingoni. Alikuwa yatima, na tangu alipotoka jandoni pamoja na Abdala, alikula kwa Bi Sikuzani kama mtoto wake wa pili. Waliotoka jando moja hawanyimani kitu, na mambo yao hawapeleki kwa akina mama.

Yote yalianza kiangazi cha mwaka ule wa 2004. Madaktari wageni walifika Ruangwa mjini, wakasema damu ya mtu inaweza kuonyesha moyo unakoelekea kabla haujauma. Mafuta yakizidi kwenye damu yanaziba njia kidogo kidogo, kama mchanga unavyoziba mfereji. Aliyefiwa na mzazi ghafla asikae nyumbani, aje apimwe.

Abdala alikataa. "Wakishachukua damu, mama, watapima na ule ugonjwa mwingine. Mimi sitaki kujua."

"Utakwenda. Na tangu jioni usile kitu, ndivyo walivyosema."

Alikwenda, Mustafa akamsindikiza kwa baiskeli. Bi Sikuzani alishinda kutwa hapiki, hafagii, anatazama njia tu. Waliporudi ndipo alipopika, akawatengea ugali na kisamvu. Mustafa alikula kama mtu aliyetoka kufunga. Abdala alimega matonge mawili, akasema ameshiba. Mama alimwonea huruma. Hofu nayo hushibisha.

Majibu yalitoka hospitali ya Nachingwea, Bi Sikuzani akayafuata mwenyewe. Daktari hakumficha.

"Mama, damu ya kijana huyu si nzuri hata kidogo. Mafuta yamepita kiasi, na umri wake bado mdogo. Apunguze vya mafuta, aache sigara, asibebe mizigo mizito mpaka tumwone tena. Na vidonge hivi asiviache."

"Mwanangu havuti sigara."

"Mwenyewe alituambia anavuta."

Bi Sikuzani aliguna. Kumbe anavuta kwa kujificha. Ndiyo watoto hawa, unadhani unawajua.

Usiku ule aliwaeleza vijana wote wawili neno kwa neno. Walitazamana. Mustafa ndiye aliyecheka kwanza.

"Vipimo navyo hukosea, mama. Mbona mtu haumwi popote?"

"Hata Jumanne hakuumwa popote."

Tangu hapo kila asubuhi aliweka kidonge kando ya kikombe cha Abdala, na Abdala alikitia mfukoni, akisema atakimeza njiani na maji. Mama alinusa mashati yake akitafuta moshi, asiupate. Wakichinja kuku, ngozi na mchuzi wa juu wenye mafuta alivisukuma upande wa pili wa sinia. "Kula wewe, Mustafa. Wewe mzima." Kuni akapasue Mustafa. Maji akateke Mustafa. Naye hakunung'unika. Mara nyingine tu alisimama njiani akijisugua bega la kushoto, akasema amelala vibaya.

Sasa, pale ghalani, lilibaki gunia hilo moja. Mustafa alichuchumaa atwishwe.

"Acha nibebe mimi," Abdala alisema. "Leo umeshabeba mengi, ndugu yangu. Acha."

"Thubutu," mama akasema. "Unataka nikuzike wewe pia?"

"Msikilize mama, mwali wangu," Mustafa akasema, na tabasamu lake halikufika machoni. Akainuka nalo.

Hakufika mlangoni. Gunia liliteleza, likapasuka, korosho zikatawanyika hadi miguuni mwa watu. Mustafa alikaa juu yake polepole. Sigara aliyoichomeka nyuma ya sikio ilidondoka. Mkono ulikwenda kifuani, ukabaki hapo.

Bi Sikuzani aliujua mkao ule. Aligeuka upesi kumtafuta mwanawe, amtoe pale asije akaona kitu kama hicho kikamshtua moyo.

Lakini Abdala alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Mustafa. Alichomoa kitambaa mfukoni, akakifungua kwa meno. Vidonge vilikuwamo vyote, tangu kile cha asubuhi ya kwanza.

"Meza, ndugu yangu," alisema huku analia. "Mama, lete maji. Ni vyake, kila nikimpa anakataa. Damu waliyoitoa kule Ruangwa ni ya kwake."