Gari Linalokuja Lenyewe

"Ukigusa hiyo boneti, Mama, nisilaumiwe."

Mama yake akaigusa. Kwa makusudi, kwa kidole kizima.

"Rangi haijakauka!"

"Na baba yako hajafa. Vaa viatu twende."

Walimwita Msasa. Lilikuwa jina la kazi, kwa kuwa kipande cha msasa hakikumtoka mkononi, na la tabia pia, maana ukimgusa tu unachubuka. Alitengeneza vigari vya mashujaa wa televisheni, vya urefu wa kiganja. Watu walimletea vya dukani, akavivunja na kuvijenga upya mpaka vikafanana na vile vya kwenye vipindi, taa kwa taa, nati kwa nati. Akiona kosa kwenye kazi ya mwenzake alilitangaza mbele za watu. La kwake hakuna aliyewahi kuliona.

Hiki cha mezani kilikuwa gari la Shujaa Kimondo, nacho kesho kilikuwa kinaingia kwenye maonyesho. Msasa alikitazama kipindi hicho tangu utotoni. Shujaa akibanwa na maadui alipiga mluzi, na gari likaja lenyewe, kiti kitupu, usukani unazunguka bila mtu. Halikuwahi kuchelewa. Msasa, mtoto wakati huo, alikuwa akiruka kwa furaha mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa fagio.

"Daktari amesema asubuhi hataiona," mama akasema. "Anakuulizia."

"Leo ndiyo ananiulizia? Mimi nilimuulizia miaka mingapi?"

"Usinianze."

"Nani kamwanza mwenzake? Umenifuata kazini kwangu."

"Kazi! Ndevu zote hizo, na kigari mkononi."

Msasa akachukua kibano, akabandika kioo cha pembeni, kana kwamba chumbani hakuna mtu. Akakibandika upande, akakibandua, akasonya.

"Siku nimevunjika mkono, alikuwepo?" akauliza bila kuinua kichwa. "Siku nimekuwa wa kwanza darasani? Anatoka hatujaamka, anarudi tumeshalala. Na akirudi, viwiko vimechubuka, kidevu kimechubuka, nguo vumbi tupu. Mlidhani mimi mjinga? Mtu anayepigana vilabuni anajulikana."

"Baba yako hajawahi kupigana na mtu."

"Basi alikuwa anafanya kazi gani? Nambie leo. Kazi gani hiyo baba hawezi kumwambia mwanawe?"

Mama akaikamata mikanda ya mkoba wake. "Kazi ya magari. Zaidi ya hapo alikula kiapo asiseme."

"Kiapo! Hata wezi wanakula viapo."

"Koma! Koma kabisa! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mzazi nani anaujua, wewe?"

Lakini Msasa alikuwa ameshafunguka, na mtu wa namna ile akifunguka hafungiki.

"Na jambo moja simsamehe, hata azikwe. Kipindi cha Kimondo. Siku akiwepo nyumbani kwa bahati mbaya, analala pale pale sakafuni, kifudifudi kama gogo. Hakukitazama hata mara moja na mimi. Kikiisha, macho hajafumbua, ananiuliza, 'Leo gari limefika?' Kila mara hilo hilo. Nikamjibu siku moja: 'Limefika. Lenyewe huwa linafika, si kama wewe.'"

"Akasemaje?"

"Alicheka! Nimemtukana baba yangu, na yeye anacheka. Hivyo ndivyo alivyonijali."

Mama akamtazama, na kwa muda ule akamchukia, mwana wa kumzaa mwenyewe. Akageuka aende zake. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zinayoyoma, na sikio la kufa halisikii dawa. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akasimama hapo. Kisha akarudi mezani.

"Na hiki, hakina kosa?"

"Hata moja. Kipindi chote nimekipitia, picha kwa picha."

"Huu upenyo hapa mbele, chini ya taa, ni wa nini?"

Hapo Msasa akasahau ugomvi kidogo. Ndiyo kazi aliyojivunia. "Wa hewa, wa kupoza injini. Wenzangu wote wanausahau. Mimi nimeuchonga kwa kijisu, usiku kucha."

"Injini ya gari hili iko nyuma. Ulinieleza mwenyewe hujang'oka meno ya utoto, mpaka kichwa kikaniuma."

Msasa akatazama nyuma ya kigari, kisha mbele. Swali hilo lilimuudhi kuliko maneno yote ya siku ile. "Basi ni pambo," akasema. "Wewe unajua nini kuhusu magari?"

Mama akaweka mkoba chini. Akainama mpaka jicho lake likawa sawa na upenyo, akachungulia ndani ya kigari kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtu.

"Kiapo alikula yeye," akasema. "Mimi sikula. Huu si wa hewa, ni wa macho. Baba yako alikuwa analala humu kifudifudi, anaendesha huku anachungulia njia, ili wewe uone gari linakuja lenyewe."