Kigingi Jikoni

Asubuhi hiyo kigingi cha mpaka wa mto kiliingia jikoni kwa Bibi Nambua, kikasimama kwa miguu yake mitatu ya chuma kando ya mafiga. Sheria ilikuwa fupi: maji yakipungua mtoni, vigingi vinapanda mlima vyenyewe, na chini ya kigingi halimi mtu, hawashi moto mtu, halali mtu. Msimu uliopita kilimeza shamba lote la mahindi. Sasa kikipiga hatua moja tu, nyumba inakuwa ya mto.

"Kitendawili," alisema Bibi, asikiondolee macho kigingi.

"Tega," alijibu mjukuu wake Mkunde.

"Nina mgonjwa, kadiri anavyokonda ndivyo anavyodai kitanda kikubwa."

"Mto! Bibi we, kinanyanyua mguu!"

Kweli, mguu ulikuwa juu. Bibi alinyakua ndoo ya maji ya kunywa waliyoyachota alfajiri, akateremka mbio, kanga ikimdondoka, akayamwaga yote mtoni. Yalikwenda mchirizi mwembamba juu ya mawe, yakapotea.

"Kimefanyaje?" alipaza sauti.

"Kimeshusha mguu! Kimerudi nyuma kidole kimoja!"

Mkunde alishuka akicheka, akachungulia ndani ya ndoo tupu. "Sasa tutakunywa nini?"

Bibi aliyatazama mawe, akaitazama nyumba yake kule juu.

"Kalete na yale ya uji, mama," alisema. "Upesi, kabla hakijafikiri."