Utambulisho wa Kesho

Bomba la jikoni lilidondosha maji tone kwa tone gizani, umeme ukiwa umekatika. Mama mwenye kampuni ya kufua mashuka ya hoteli alikuwa amempakata bintiye, simu ikiwa kwenye spika.

"Dada, kesho nawatambulisha wasemaji kwa safari zao za kazi," alisema mshereheshaji wa kongamano. "Mmoja kaanzia benki, mwingine ubalozini. Na wewe, ulianzia wapi? Usiniangushe."

Mama akapapasa vidole vyake. Sugu za kufua hazikuwa zimeisha. Ukumbini wangekuwepo wenye hoteli aliotamani wawe wateja wake. Wakimdharau, basi tena.

"Sema nilianzia..." Akakunja vidole. "Ofisini."

Mtoto akaisogelea simu.

"Mama alikuwa anafulia watu majumbani, huku amenibeba mgongoni."