Inchi Thelathini na Sita

Kila asubuhi Delbert alirudi na mkate na gazeti, akaliingiza gari lake bandani taratibu hadi kioo cha mbele kiguse mpira wa tenisi ulioning'inia darini kwa uzi. Kioo kikigusa, breki. Kwa miaka arobaini hakuwahi kukosea hata kwa upana wa kidole.

Leo kiligusa mapema. Akafunga breki, akashuka, akabonyeza kitufe. Mlango wa banda ukateremka, ukagota kwenye buti, ukapanda tena.

Jirani yake, Virgil, alikuwa akifagia majani. "Vipi, Del? Ulilikata mwenyewe, sasa limeota upya?"

Delbert hakucheka. Bei ya petroli ilipopanda miaka ile ya sabini, yeye na wenzake kwenye kiwanda cha magari huko Detroit ndio waliochonga kwa udongo mfano wa sedani hii, wakaambiwa waipunguze urefu. Waliondoa karibu futi nzima kwa nje, na ndani hakuna abiria aliyebanwa. Hilo alimwambia kila mtu, hata muuza mkate.

Akachukua tepu. Gari lilikuwa na urefu wake uleule. Akatazama dari: tundu la zamani, na nyuma yake skrubu mpya. Akapima kati yake: inchi thelathini na sita kamili.

"Nani kagusa mpira wangu?"

Virgil akainamia ufagio wake. "Muulize Arlene. Mimi niliazimwa mikono tu."

Wiki iliyopita mtu wa Toledo alikuwa amepiga simu kuulizia gari. Mkewe, Arlene, ndiye aliyepokea. Na theluji ilikuwa njiani. Gari likilala nje, kutu italila hadi mifupa.

Mlango wa jikoni ulikuwa mbele ya boneti. Delbert alipita kwa ubavu, kama alivyozoea, ingawa leo palitosha kupita ng'ombe.

Arlene alikuwa amekaa mezani. Kahawa ilikuwa haijamiminwa. Siku hizi kuimimina alimwachia Delbert.

"Umeliuza," Delbert alisema.

"Sijaliuza."

"Basi unalitoa nje lioze. Ungesema tu kwamba umelichoka."

"Kaa chini, Del."

"Sikai. Nyie wote mnaona chuma tu. Tulipunguza palipokuwa na ziada, na hakuna aliyekosa nafasi. Hata mmoja."

"Najua. Umeniambia miaka arobaini." Arlene alishika ukingo wa meza, akajaribu kuinuka, akakaa tena. "Nilimwomba Virgil kwa sababu wewe nilishindwa kukuambia."

"Kuniambia nini? Sema basi, mke wangu, nimechoka kubahatisha."

Arlene alimsogezea karatasi ya hospitali. Katikati palikuwa na namba moja iliyozungushiwa wino: 36.

"Ndiyo nafasi ya kupitisha kiti cha magurudumu," alisema. "Changu. Kinaletwa Alhamisi."